Darasa la Mauti Kupitia Kioo cha Simu

Wiki mbili zilizopita tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa Mombasa, msomaji wa waraka huu wa miaka mingi. Ujumbe ulikuwa na adabu na ghadhabu kwa pamoja, kama wajuavyo kuchanganya mama zetu wa pwani. Alianza kwa salamu, akauliza hali za watoto, akauliza baridi ya Nairobi, kisha akafika alipokuwa akienda. Binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu, alikuwa nyumbani kwa likizo. Usiku mmoja baada ya Isha mama alipita mlangoni pa chumba chake, akaona kwenye kioo cha simu mzee mwenye ndevu anauvisha mto sanda.

"Sheikh," alisema, "yule mzee nilimtambua. Ni wewe. Basi nakuuliza kwa heshima zote: mtoto huyu ana miaka ishirini, hajaolewa, hajamaliza masomo. Wamfundisha kufa, tena kwa simu, ya nini?"

Tulimjibu kwa maneno machache siku ile, na hatukuridhika na jibu letu. Swali lake ni zito, na tunadhani si yeye peke yake aliyekuwa nalo. Kwa hivyo tumeomba nafasi hii tuseme tuliyoyapitia, pamoja na yale ambayo hatuna fahari nayo.

Kuhusu mto, tukiri kwanza. Ni wa nyumbani kwetu hapa Westlands, mto mrefu wa pamba, na tangu tulipoanza kuukafini hakuna mtu wa nyumba anayekubali kuulalia. Tumeusamehe usiwe mto tena.

Sisi tuliokulia pwani katika miaka ya sabini na themanini hatukusomeshwa mauti darasani peke yake. Chuoni tulihifadhi Safina, kitabu kidogo cha fiqhi ya Imamu Shafi, na humo tulikariri kwamba haki za maiti juu ya walio hai ni nne: kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika. Lakini kabla hatujakariri tulikuwa tumekwisha kuona. Babu alifia kitandani mwake. Tulitumwa maji, tulitumwa udi, tulitumwa kwa fundi kuitisha ubao. Wasichana waliwaona shangazi zao wakikata sanda sebuleni kwa mkasi na kuhesabu vipande kwa sauti ya chini. Mtoto alifika miaka kumi na mbili akiujua uso wa maiti kama anavyoujua uso wa mtu aliyelala.

Leo bibi hufia hospitali. Mtoto hupelekwa kwa khalati yake "asije akaogopa", kisha hurudishwa nyumbani wakati wa hitima, akakuta mahamri na watu wengi. Huenda skuli ya bweni, huenda chuo kikuu, na anatimia miaka ishirini hajapata kumgusa marehemu yeyote. Kisha siku moja, usiku wa manane, yeye ndiye mtu mzima pekee aliyeko hospitalini na baba yake. Hapo ndipo tulipowaona vijana wetu wengi katika miaka hii ya Nairobi. Hutupigia simu wakilia, na swali lao la kwanza huwa moja: "Sheikh, sasa nafanya nini?"

Mtaa wetu umezungukwa na swali hilo. Westlands watu huijua kwa maduka na majengo marefu, na tangu mwaka 2022 kwa ile barabara ya juu inayokuja kutoka uwanja wa ndege. Lakini upande wa Parklands kuna hospitali ya Aga Khan na ya M.P. Shah, na chini kidogo, kabla hujavuka kuelekea mjini, kuna Chiromo. Hapo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi husomea viungo vya mwili wa binadamu, na hapo pana chumba cha maiti kinachojulikana nchi nzima. Mwanafunzi wa udaktari hukutana na maiti kabla hajakutana na mgonjwa. Hufundishwa jina la kila mshipa. Namna ya kumwambia mtoto kwamba mama yake hatapona ni somo jingine, na halina mifupa ya kuhesabu.

Mwezi wa Machi mwaka 2020, serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, vyuo vilifungwa na wanafunzi wakatawanyika makwao. Siku zile mhadhiri mmoja wa uuguzi, mama Mkristo tuliyefahamiana naye wodini, alitupigia simu. Alikuwa na somo la kuwahudumia wanaokaribia kufa, na sasa lazima alisomeshe kwa mtandao. Alituomba vipindi vinne tuwaeleze wanafunzi wake jinsi Waislamu wanavyokufa. Tulicheka, tukamwambia kwamba Waislamu wanakufa kama watu wengine. Akasema, "Ndiyo, Sheikh, lakini wauguzi wangu hawalijui hilo. Wakiona watu kumi wamekuja kumsomea mgonjwa Yasini, huwafukuza."

Darasa lilikuwa na wanafunzi wapatao thelathini, Waislamu wachache na Wakristo wengi. Mmoja alikuwa Kangemi, mwendo mfupi kutoka kwetu. Mwingine Wajir, mwingine Kisii, mwingine Lamu juu ya dari ya nyumba ya babu yake ambako ndiko mtandao ulikoshika. Wengi walifunga kamera ili kuokoa bando. Tulikuwa tunazungumza na viboksi vyeusi vyenye majina, na kwa mtu aliyezoea kusomesha akitazama macho ya mwanafunzi, hiyo ni kama kuhutubia ukutani. Nje, saa moja usiku ikifika, amri ya kutotoka ilianza, na Waiyaki Way, barabara isiyolala, ilinyamaza mpaka tukasikia mbwa wa mbali.

Tulisomesha tunachokijua. Tulieleza kwamba anayekata roho hulazwa kwa ubavu wake wa kulia akielekea Kibla, na ikiwa kumgeuza kunamuumiza basi hulazwa chali, nyayo zikielekea Kibla na kichwa kikiinuliwa kidogo. Tuliwaambia kwamba kutoka Nairobi Makka iko kaskazini, imeelemea mashariki kidogo tu, kwa hivyo muuguzi hahitaji dira, ajue tu dirisha lipi la wodi linatazama kaskazini. Midomo huloweshwa. Shahada hutamkwa karibu naye kwa upole, wala haambiwi "sema", kwa kuwa aliye katika dhiki ile akisukumwa anaweza kukataa bila ya kujua anachokikataa. Akishaitamka mara moja, huachwa nayo, mpaka azungumze neno jingine. Roho ikitoka, macho hufungwa, taya hufungwa kwa kitambaa, viungo hulainishwa kabla havijakauka, na mwili hufunikwa nguo nyepesi.

Kisha tukauleta mto. Tuliwasimulia kisa cha Bibi Ummu Atiyya wa Madina, aliyekuwa akiosha maiti wa kike. Alipofariki binti wa Mtume (S.A.W.), Mtume aliwaelekeza wanawake wamwoshe mara tatu au tano, au zaidi wakiona haja, kwa maji na majani ya mkunazi, na mara ya mwisho watie kafuri, waanzie upande wa kulia na viungo vya udhu. Aliwaambia wakimaliza wamjulishe. Walipomjulisha akawapa nguo yake aliyojifunga kiunoni, imguse mwanawe mwilini kabla ya sanda nyingine. Nywele zake walizisuka misokoto mitatu. Baba alitoa maelekezo na nguo, na mikono ilikuwa ya akina mama. Tulipofika hapo, kiboksi kimoja kikawaka, akaonekana msichana wa Kisii anafuta machozi. Akasema hakujua kwamba maiti husukwa nywele.

Mhadhiri naye alitusomesha. Tulikuwa hatujui kwamba elimu hii ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, wanayoiita tiba shufaa, ina nyumba yake Nairobi tangu mwaka 1990, ilipoanzishwa Nairobi Hospice. Wala hatukujua kwamba mwanzo wake wa zama hizi ni mwanamke Mwingereza, Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Alitueleza habari za daktari Anne Merriman, aliyeanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na kuieneza mofini ya kunywa, dawa ya bei ndogo inayomwezesha mgonjwa wa saratani kulala usiku. Na huko Kampala, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Makerere, wauguzi wamekuwa wakisomea shahada ya tiba hii kwa masafa, wakiwa kazini kwao mbali. Kwa hivyo hatukuwa wa kwanza kuisomesha mauti kwa mbali. Hata mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alipokuwa mgonjwa alimtungia mwanawe Mwana Hashima utendi wa wasia, nao umewafikia mabinti ambao mama yule hakuwaona.

Juu ya mofini tuseme neno, kwani tunaulizwa sana na familia. Wako wanaomnyima mzazi wao dawa hii kwa kuogopa haramu, au kwa kuogopa kwamba atapotewa na akili asiweze kutamka shahada. Mzee wa watu hupiga kelele siku tatu, na nyumba nzima huita kelele ile subira. Sisi hatuoni hivyo. Dawa inayotolewa na tabibu kwa kipimo, kwa ajili ya maumivu, ni dawa. Na mgonjwa akitaka kipimo kipunguzwe ili awe macho kwa sala yake, aambiwe muuguzi. Wenye ujuzi watalisikiliza ombi hilo. Maumivu makali nayo huiondoa akili.

Katika kipindi cha tatu tulikosea, na kosa hili ndilo lililotufanya tuandike.

Tulikuwa tumemaliza kueleza maziko. Kijana mmoja kutoka magharibi ya nchi, ambaye hakuwahi kufungua kamera wala kuuliza lolote, alifungua kipaza sauti. Alisema kwamba mwana wa jirani yao, aliyekuwa kwake kama kaka, alisoma Chuo Kikuu cha Garissa. Nyote mnaijua tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa siku ile, wengi wao wanafunzi, na miili ikaletwa Nairobi, ikalazwa Chiromo ili jamaa waje kuitambua. Kijana huyu alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuja na baba yake kuwasindikiza wale wazazi. "Tulisimama pale siku nyingi," alisema. "Mama yake alikuwa akiniuliza mimi, kwa nini hawamleti. Mimi sikujua la kumwambia. Sheikh, ungekuwa wewe, ungemwambia nini?"

Tulijibu kwa muda mrefu. Tulieleza kwamba waliofanya yale hawakufuata dini, kwamba kuiua nafsi moja isiyo na hatia ni kama kuua watu wote, kwamba masheikh wa nchi hii waliwalaani. Tulitaja hoja, tulitaja ushahidi. Kila tulilolisema lilikuwa kweli. Tulipomaliza alisema, "Asante, Sheikh," akafunga kipaza sauti chake.

Mhadhiri alitupigia simu baada ya darasa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sheikh, hakukuuliza kuhusu Uislamu." Alikuwa sahihi. Kijana alituuliza tungemwambia nini mama aliyesimama Chiromo, nasi tukamjibu kwamba dini yetu haina hatia. Mama yule tulimpita mlangoni tukaenda kujitetea wenyewe. Usiku ule hatukulala vizuri, na kwa ukweli hatukujua bado tungalimjibu nini.

Mama yetu mzazi alikuwa Malindi. Tarehe 6 Aprili serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingia na kutoka Nairobi, na siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa nazo. Alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, wala ugonjwa wake haukuwa ule wa janga. Ilikuwa Ramadhani. Alasiri moja dada yetu alipiga simu ya picha. Alikuwa amekigeuza kitanda. Kutoka Malindi Makka iko kaskazini hasa, na kitanda kile kilikuwa kimetazama mashariki tangu utoto wetu, kwa hivyo tulipoona dirisha limekaa mahali pasipokuwa pake tulijua kabla hajasema. "Kaka," alisema, "sema naye. Nakuwekea sikioni."

Tukatamka. Tulikuwa tumewafundisha watu thelathini jinsi ya kutamka, na sauti yetu ilitoka kama ya mtu mwingine. Tulitamka mara ya kwanza, na mara ya pili mtandao ukakatika. Kioo kikasimama kwenye picha ya pembe ya mto na kidole cha dada yetu. Tulibaki tukiitazama picha ile. Simu ilipounganika tena, alikuwa amekwisha kumfunga macho.

Jamaa walitaka kuwahi maziko kabla ya saa ya amri. Mpwa wetu alishika simu mbele ya jeneza ili tuone, na mmoja wao akasema, "Ami, fuata tu na imamu, si unamwona?" Tukamwambia hapana. Maamuma na imamu lazima wakutanike mahali pamoja; sala haifuatwi kwa kioo. Tulifunga simu. Imamu Shafi ameruhusu kumsalia maiti aliye mbali, kama Mtume (S.A.W.) alivyomsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, yeye akiwa Madina. Basi tulijipanga sebuleni hapa Westlands, sisi na mke wetu na watoto wawili, tukaelekea kaskazini, tukaleta takbira nne. Mtoto mdogo aliuliza bibi yuko wapi upande huo. Bibi alikuwa nyuma yetu kwa upande wa kulia, mwendo wa siku nzima kwa basi.

Tuligundua siku ile nini hupita kwenye kioo na nini hakipiti. Sauti ilipita, mara moja. Hukumu ilipita, kwani dada yetu alimwosha mama sawasawa, na mara mbili alituma ujumbe kuuliza jambo la kafuri, tukamjibu. Lakini uzito wa mkono wa mama haukupita, na hakuna chuo kitakachoweza kuupitisha.

Usiku wa pili yake tulikuwa na kipindi cha nne. Hatukutaka kukiahirisha; pengine tulitaka mahali pa kwenda. Tulifungua kompyuta, tukatoa salamu, tukaanza habari za eda ya mjane, tukasimama katikati ya sentensi. Mhadhiri alikuwa amekwisha kuwaambia. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha kiboksi kimoja kikawaka, na kwa mara ya kwanza tukamwona yule kijana wa magharibi: mwembamba, amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba yao, mbu wakimsumbua. Alisema, "Pole, Sheikh. Leo usifundishe. Tutakaa." Kisha hakusema jingine. Viboksi vikawaka kimoja kimoja, mpaka nyuso zikajaa kioo, na wengine tulijua bando lao lilikuwa la kuungaunga. Tulikaa hivyo. Mtu alikohoa Wajir. Jogoo asiyejua saa aliwika mahali fulani. Hatukupima muda.

Hatudai kwamba kukaa kimya ndilo jibu la kila swali. Lakini kijana yule alitupa sisi kile ambacho mama wa Chiromo alikihitaji, na ambacho sisi tulipoombwa tulikinyima kwa maneno mazuri. Baada ya mwezi tulimpigia simu tukamwomba radhi. Alisema alikwisha kusahau. Hakuwa amesahau, tulimsikia.

Tangu hapo darasa limebadilika. Bado tunalisomesha kila muhula, sasa kwa vijana Waislamu wa vyuo mbalimbali kwa siku zetu wenyewe na kwa wauguzi wa mhadhiri yule kwa siku zake. Somo la kwanza sasa halina kitabu. Tunawaomba wazungumze wawiliwawili juu ya mtu waliyempoteza, na msikilizaji haruhusiwi kutoa aya, wala hadithi, wala methali, mpaka mwenzake amalize. Vijana wa dini wanaona tabu sana, na masheikh tulioalika waliona tabu zaidi. Na hakuna anayehesabiwa kuwa amemaliza kwa kutazama kioo tu. Lazima aende, kwa miguu yake, akakae na mgonjwa. Wasichana Waislamu hujiunga na akina mama waosha, mahali walipo, wakashika maji. Waosha ni wachache, na wengi ni watu wazima. Wao wenyewe wanajua ile kauli kwamba mwosha huoshwa, na huuliza kwa mzaha usio mzaha: nani atatuosha sisi?

Tuwasimulie na hili. Mwaka 2021, msimu mmojawapo wa wagonjwa wengi, simu ililia saa nane usiku. Alikuwa yule msichana wa Kisii aliyelia kwa habari ya nywele. Alikwisha kuhitimu, anafanya kazi katika wodi ya waliotengwa, na jamaa hawaruhusiwi kuingia. Alikuwa na bibi mmoja Mwislamu, mtu wa pwani kwa jina lake, na pumzi zake zilikuwa za mwisho. Alikwisha kumgeuza kuelekea dirisha la kaskazini. Alinong'ona kwa sababu ya wagonjwa wengine: "Sheikh, mimi ni Mkristo. Je, nikimtamkia yale maneno, ulimi wangu unafaa?"

Vitabu vyetu husema anayemkumbusha afadhali asiwe mtu anayemrithi, ili mgonjwa asidhani anaharakishwa. Tulimwambia kwamba sharti hilo yeye ametimiza kuliko wengi. Tukamwambia kwamba kusudio ni mgonjwa akumbushwe, na akumbushwaye ni yeye, si mwenye kukumbusha; amtamkie polepole, asimwambie "sema". Tulimtamkia naye akarudia, neno kwa neno, kwa lafudhi ya Kisii, mpaka ikakaa. Kisha akaiweka simu mfukoni bila kuikata, nasi tukasikia vazi lake la plastiki likisuguana, na sauti yake mbali.

Asubuhi alituandikia. Alisema midomo ya bibi ilitikisika, au pengine ilikuwa pumzi tu, hawezi kusema. Tulimpenda kwa kutotuongezea. Alimfunga macho, akawapigia jamaa akawaeleza kila kitu: saa, upande aliolala, maneno yaliyosemwa. Mwili haukuweza kuoshwa kwa hali ya siku zile, na penye udhuru wa kweli kama huo maiti hutayamamishwa. Alizikwa Kariokor na watu wachache.

Basi kwa mama yetu wa Mombasa: binti yako hatumfundishi kufa. Hilo halina mwalimu, na kila mmoja atalifanya mara moja bila ya mazoezi. Tunamfundisha kukaa chumbani wakati wewe unaondoka, Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu wenye afya, ili asisimame ukumbini na simu mkononi akimuuliza mzee wa Westlands afanye nini. Unaogopa kuwa kuitaja ni kuiita. Tulipokuwa watoto hata sisi tuliogopa hivyo, na babu zetu waliokuwa wakiikumbuka kila siku waliishi mpaka wakachoka. Kwa simu tunampa kile kinachopita kwenye simu. Kilichobaki atakipata kwa mikono, na kwa wanawake wenziwe.

Haya tulimsomea mama huyo kabla ya kuyachapisha, kwa kuwa ni haki yake. Alinyamaza kidogo, tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza hao akina mama waosha wa Mombasa hukutana siku gani, na kama wanapokea mtu wa miaka hamsini na sita asiyewahi kuthubutu kumgusa maiti, hata mama yake mwenyewe. Tulimwambia wanapokea. Ni Jumamosi baada ya Adhuhuri. Aende na kanga kuukuu, maji humwagika.